Mkaguzi Hana Wivu

Pweto, 4 Mei 2025

Mama Merdi,

Barua hii anaileta dereva wa lori la samaki hadi Kasomeno kwa dada yako Albertine, naye ataitafutia gari la kuja Lubumbashi. Ukisikia harufu usinilaumu, imelala juu ya magunia. Simu huku inakatika kabla mtu hajamaliza salamu, na wewe mwenyewe ulisema ugomvi uliokatwa katikati ni mbaya kuliko ugomvi wenyewe. Basi tuandikiane.

Mnara wa mtandao uko imara. Shida ni ile ile: siku za soko, wauza samaki wanapotaka kuuliza bei ya Lubumbashi, mtandao unaziba. Kuna takataka za mtandaoni zinazokuja toka nje kwa mafuriko, majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeyauliza. Zote zinapitia mashine yako hapo mjini, halafu zinateremka kwenye njia yetu nyembamba na kuijaza. Mkurugenzi Rigobert amenipa hadi mwisho wa Juni. Mtandao usiposimama, anafunga kituo na mimi narudi nyumbani. Ukisimama, nakaa mwaka mwingine.

Lakini nimepata mtu! Anaitwa Kiki, binti wa hapa hapa, alisoma chuo Lubumbashi, sasa anatengeneza simu sokoni pembeni ya shangazi yake anayeuza samaki. Nilimweleza shida akacheka: "Baba Merdi, hizi takataka tuzitupe ku mulango, mbele hazijaingia." Ameandika programu ndogo sana ya kukaa ndani ya kerneli ya mashine yako na kuzitupa zikifika tu. Mayele, akili, kama ya huyu mtoto sijaona. Nimekutumia programu alfajiri, njia ilipokuwa tupu. Mpe mkaguzi aisome, kisha uipakie.

Samaki wamo kwenye kifurushi. Mbusu Merdi.

Casimir


Lubumbashi, Naviundu, 12 Mei 2025

Baba Merdi,

Samaki wamefika. Wamefungwa vizuri, kila mmoja na kamba yake mkiani, vichwa vyote upande mmoja. Wewe nakujua, samaki huwa unawatupa ndani ya gunia kama viatu. Nani amewafunga?

Sasa hilo la kerneli. Nakueleza polepole ili na wewe umweleze huyo mtoto, maana watengeneza simu hudhani kila kitu kinafunguliwa kwa bisibisi. Kerneli ndiyo kiini cha mashine. Ndiyo inayopokea kila pakiti ya data inayoingia, inayogawa kumbukumbu, inayoamua nani afanye kazi na nani asubiri. Programu ya kawaida ikikosea inakufa peke yake. Kosa likiwa ndani ya kerneli, mashine nzima inaanguka na vituo vyote vinaanguka nayo. Zamani programu ya mtu wa nje haikukaribishwa humo hata kwa maji ya kunywa. Siku hizi inaweza kuingia, lakini mlangoni kuna mkaguzi. Huyo si mtu, ni sehemu ya kerneli yenyewe. Anaisoma programu kabla haijaanza kazi, anafuata kila njia inayoweza kupita. Je, inafika mwisho? Inagusa kumbukumbu isiyo yake? Inasoma pakiti bila kupima kwanza urefu wake? Akiona njia moja tu yenye mashaka, anaikataa yote. Haangalii ni ya nani. Hapendi, hachukii.

Nimempa programu ya Kiki wako. Ameikataa. Anasema inasoma pakiti bila kupima urefu. Pole zake.

Unaandika kwamba mayele kama yake hujaona. Mimi unaishi nami tangu kabla Merdi hajazaliwa, na ufunguo wa kuingiza chochote kwenye hiyo kerneli ninaushika mimi peke yangu katika kampuni nzima. Lakini sawa, hujaona.

Merdi anauliza unarudi lini. Mimi siulizi.

Angélique


Pweto, 20 Mei 2025

Mama Merdi,

Samaki aliwafunga Kiki. Anajua kufunga.

Habari ya mkaguzi ilimuumiza. Alishika karatasi yake akaitazama weee, akasema: "Urefu nilipima. Angalia hapa, nilipima." Nikamwambia wewe, bibi yangu, huwezi kukosea kusoma jibu la mkaguzi. Basi akakaa kuanza upya. Tangu siku hiyo kila jioni niko kwa shangazi yake. Mimi nasoma mistari kwa sauti, yeye anasahihisha, shangazi anatuletea bukari ya unga wa mahindi na sombe ya majani ya muhogo tunakula pale pale juu ya meza ya simu. Nimenenepa. Wanasema huku hewa ya ziwa inafaa, mimi nadhani ni sombe.

Ni binti wa kuchekesha. Ananiigiza ninavyoongea na mnara ukinikasirisha. "Baba Merdi" ameona ni refu, sasa ananiita Ya Casi, kaka Casi kwa kifupi.

Programu mpya nimekutumia. Safari hii amepima urefu mara mbili, utadhani fundi nguo. Fanya haraka, Juni iko karibu.

Casimir


Lubumbashi, 28 Mei 2025

Casimir,

Ya Casi! Mimi nilipokuita hivyo mwaka ule tulipochumbiana, ulisema ni jina la mtoto mdogo, nikaliacha. Kumbe lilikuwa linamsubiri mwenyewe.

Na wewe unanenepa. Hapa baridi ya asubuhi imeanza, umeme unakuja ukitaka, nachemsha maji ya Merdi kwenye makaa, naenda kazini na moshi kwenye nywele, halafu nafungua barua ya mume wangu kusoma kwamba sombe ya shangazi wa watu ni tamu. Asante sana. Mwambie shangazi asizidishe chumvi, una presha.

Mkaguzi ameikataa tena. Anasema safari hii kuna mzunguko usioisha. Kitu kinachozunguka bila mwisho hakiwezi kuingia ndani ya kerneli, kitaishika mashine isifanye kazi nyingine yoyote. Hata mimi naona mantiki yake. Kuna watu wanaanza jambo jioni na hawajui litaishia wapi.

Samaki wa safari hii nimewapa majirani.

Angélique


Lubumbashi, 30 Mei 2025

Yaya Albertine,

Barua iliyo pamoja na hii mpe dereva wa Pweto, hii ni yako peke yako. Isome uichome.

Mkaguzi hakukataa. Aliikubali programu ya kwanza na akaikubali ya pili, bila neno. Ni mimi niliyekataa. Niliisoma ile ya kwanza mstari kwa mstari nikitafuta kosa, na kadiri nilivyokosa kosa ndivyo nilivyozidi kuwaka. Ni safi, Yaya. Fupi, imenyooka, hakuna neno la bure. Ningekuwa nimeiandika mimi ningetembea mjini nimeinua kichwa. Nikamwona kichwani mwangu Kiki, aliyeiandika, amekaa karibu na Casimir, mkono wake kwenye meza, na nikaifunga programu ndani ya mashine nikaandika uongo.

Nimehesabu hivi: nikiipakia, mtandao unasimama na mume wangu anakaa mwaka mwingine akila sombe kila jioni na huyo mwanamke. Nisipoipakia, Rigobert anafunga kituo na Casimir yuko nyumbani mwezi wa saba. Nani angefanya tofauti?

Usinihubirie. Niambie tu dereva anasema nini.

Mdogo wako,
Angélique


Kasomeno, 3 Juni 2025

Mdogo wangu,

Nimeichoma. Dereva anasema hivi, na nakuandikia kama alivyosema: "Ule Papa Casimir na Kiki banashinda pamoja juu ya ile mashini. Banasema Lubumbashi inakatala, njo banaanza tena. Kama Lubumbashi inakatala tena, bale batazeeka pale."

Umesikia? Mashine sijui, nauza unga na sabuni, lakini hilo hata mimi naliona. Ungeikubali siku ile ya kwanza, kila mtu angekuwa amekwenda kwake. Wewe ndiye unayewaita kwenye meza moja kila jioni. Wewe ndiye unayewapikia hiyo sombe.

Hukutaka mahubiri, basi nakupa methali mbili uchague: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na njia ya mwongo ni fupi. Kama unamtaka mume wako arudi, andika "rudi". Barua zako zote zinapita mkononi mwangu, ni nene kama mikate, na nina hakika neno hilo halimo.

Albertine


Pweto, 14 Juni 2025

Yaya Angélique,

Hunijui. Mimi ni Kiki. Baba Merdi hajui kwamba nakuandikia.

Sokoni kuna kompyuta iliyovunjika kioo, mwenyewe aliitupa. Nimeifufua nikaweka ndani yake kerneli ile ile kama ya mashine yako, ya zamani vile vile. Nikampa mkaguzi programu yangu ya kwanza. Ameikubali. Nikampa ya pili. Ameikubali. Nikarudia, nikidhani nimekosea mimi. Mkaguzi ni yule yule, Yaya. Akisoma programu moja kwenye kerneli moja, hawezi kusema ndiyo Pweto na hapana Lubumbashi. Tena programu yangu haina mzunguko hata mmoja. Umeisoma, unajua.

Sikwambii nilivyolia. Hapana, nakwambia. Nilidhani mimi ni mjinga. Nilimwambia shangazi kwamba chuo nilipoteza wakati, anipe kisu nipasue samaki kama wengine. Kwa muda wote huu nilikuwa natafuta kosa lisilokuwepo, na mtu akitafuta kosa ndani yake kila siku hakosi kulipata.

Nimejiuliza nimekukosea nini. Halafu nikakumbuka jinsi mimi mwenyewe ninavyokuona, nikaelewa kidogo. Unajua mume wako anaongea nini akiwa kwenye meza yetu? Ni wewe tu. Nikiandika mstari: "Bibi yangu hii angeifupisha." Nikimaliza kazi: "Bibi yangu angekuwa amemaliza asubui." Shangazi akileta sombe: "Iko muzuri, mama, lakini ya bibi yangu, acha tu." Nimekuchoka kabla sijakuona. Kila jioni nakaa na mtu anayesifu mikono ya mwanamke mwingine, na mimi ndiye ninayefanya kazi. Nilikuwa nakuonea wivu, Yaya, na sioni haya kusema. Nilitaka siku moja tu mtu aseme Kiki ameweza.

Na samaki. Kwetu, samaki wa kutumwa kwa mke wa mtu hufungwa mkia na kupangwa vichwa upande mmoja, ili mke ajue kwamba aliyewafunga anatambua yupo. Shangazi ndiye aliyenifundisha. Nilidhani na ninyi mnajua.

Sikumwambia Baba Merdi. Si kwa kukuhurumia. Angesema bibi yake hawezi.

Kiki


Lubumbashi, 24 Juni 2025

Baba Merdi,

Kaa chini usome hii.

Mkaguzi hakuikataa programu ya Kiki. Nilikataa mimi, mara zote mbili, na jibu la mkaguzi nililitunga. Mkaguzi hana wivu. Mimi ninao, mwingi, na sitakuambia umeisha.

Nilikuwa na wivu kwa samaki, kwa sombe, kwa Ya Casi. Zaidi ya yote nilikuwa na wivu kwa ile programu yenyewe, kwa sababu ni nzuri na si yangu. Kila barua yako ilikuwa Kiki, Kiki, Kiki, na mimi nilikuwa wa kutumiwa salamu za Merdi. Kumbe huko kwenu ni bibi yangu, bibi yangu, bibi yangu, hadi watu wamelichoka jina langu. Casimir, kwa nini hayo hukuniandikia mimi? Ungeniandikia nusu yake tu, tusingefika hapa.

Kiki aliniandikia bila wewe kujua; barua yake nilitembea nayo ndani ya sketi, nikaenda kwa Rigobert nikamwambia. Hakupiga kelele, afadhali angepiga. Alisema: "Mama Angélique, mimi ile mashine siijui hata kidogo. Nilikuwa najua wewe. Sasa nitajua nini?" Nikaipakia programu mbele yake. Siku ya soko ilipofika tukasimama wote wawili tukitazama: takataka zikaja kwa mafuriko yale yale, na zote zikafia mlangoni. Njia yako ikabaki nyeupe. Unajua mwenyewe, uliona upande wa huko.

Ufunguo amenivua. "Kuandika, uandike," alisema. "Kupakia, hapana." Akauliza amtafute nani sasa. Nilitaka kunyamaza, nakuapia, nilibana meno. Halafu nikasema jina la Kiki. Hakuna mwingine anayeweza kazi hiyo, na ningesema mwingine ningekuwa nimetunga jibu mara ya tatu. Amekwisha kumwandikia. Atakalia kiti changu mwezi wa saba.

Kwa hiyo kituo kinabaki na wewe unabaki, mwaka mzima. Nilitaka urudi. Neno lenyewe ni fupi, nikaliogopa, nikakuandikia habari za kerneli. Sasa hata siwezi kulisema tena, kazi yako imesimama.

Niambie wewe. Merdi anafunga shule wiki ijayo na mimi sina cha kulinda hapa.

Angélique


Pweto, 30 Juni 2025

Angélique wangu,

Nilikasirika. Nilikwenda hadi ziwani nikarudi nikiwa bado nimekasirika, kwa ajili ya yule mtoto. Nilimwomba radhi kwa niaba yetu, akaniambia: "Ya Casi, wewe njo mwenye makosa mingi kupita bibi yako."

Njooni. Lori la samaki linarudi tupu, lina nafasi. Beba blanketi, barabara ni ya vumbi na asubuhi ni baridi. Nimetafuta nyumba ya vyumba viwili. Rudi sisemi, hujawahi kufika huku, lakini njoo.

Casi


Pweto, 27 Julai 2025

Mdogo wangu Kiki,

Umefika salama, Albertine ameniandikia. Ananiambia pia kwamba baada ya malori yetu kupishana pale kwake Kasomeno, alicheka hadi jioni, maana tulikula bukari sahani moja kama wakwe, kila mmoja akimwachia mwenzake kipande cha samaki hadi kikachukuliwa na Merdi. Nitakuambia ukweli: nilikutazama pale nikitafuta kasoro. Nimepata moja, unakula haraka.

Shangazi yako ananitunza. Amenifundisha kufunga mkia. Wale uliowapata kwenye kifurushi ni mkono wangu, na vichwa viko upande mmoja, nadhani umeona.

Sasa sikiliza balaa nililokuja kulikuta. Siku ya kwanza nimepika sombe, Casimir akaonja akasema: "Muzuri. Lakini mwa Kiki, kwa shangazi yake, acha tu." Nimechomeka waya kwenye mnara, akasema: "Kiki ule waya angeukunja vizuri." Asubuhi Kiki, mchana Kiki. Wanasema asiyekuwepo na lake halipo. Kwa mume wangu mimi, asiyekuwepo ndiye ambaye lake lipo. Nilimwambia kuanzia leo amsifu aliye mbele yake au afunge mdomo. Amefunga mdomo tangu jana, na nyumba imekuwa kimya hadi Merdi anauliza nani amekufa. Kesho nitamruhusu aseme tu.

Wivu bado ninao, Kiki. Nauona unaniamkia asubuhi kabla ya mimi mwenyewe. Na wa kiti kile zaidi ya wa mume. Nakuwaza umekaa pale kwenye dirisha linaloingiza vumbi la barabara, ufunguo mkononi, na mimi niko kwenye kompyuta yako ya kioo kilichovunjika nikiandika.

Maana nimeandika. Programu imekufikia tangu Jumanne. Inatanguliza ujumbe wa zahanati siku za soko, mama akizidiwa na uchungu asisubiri bei za samaki. Nimeijaribu hapa, kwenye kerneli ile ile. Najua mkaguzi wa hapa amesema nini.

Kutoka kwako sijasikia kitu. Jumatano nilisema una kazi nyingi. Alhamisi nilisema umeme. Leo asubuhi nimeifungua tena nikaanza kuisoma mstari kwa mstari, natafuta kosa, na nimeanza kuyaona makosa ambayo jana hayakuwepo. Sasa najua ulikuwa unakaaje hapa, jioni zile.

Dereva anangoja, nafunga barua. Niandikie mkaguzi amesema nini. Mkaguzi, si wewe.

Angélique